Jina la Kazi ni Bure, Kugongana Kuna Gharama

Desemba 1984, bendi ya Frankie Goes to Hollywood ilishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Uingereza kwa wimbo "The Power of Love". Agosti 1985, Huey Lewis and the News wakawa namba moja Marekani kwa wimbo "The Power of Love". Oktoba mwaka huo huo, Jennifer Rush akaongoza chati ya Uingereza kwa wiki tano, na wimbo wake ukawa singo ya kwanza ya mwanamuziki wa kike anayeimba peke yake kuuza nakala milioni moja nchini humo. Wimbo wenyewe uliitwa "The Power of Love".

Hizo ni nyimbo tatu tofauti: watunzi tofauti, maneno tofauti, midundo tofauti. Ndani ya miezi kumi jina moja lilifika kileleni mara tatu, na hakuna msanii aliyehitaji ruhusa ya mwenzake.

Orodha ni ndefu. "Mama" ni wimbo wa Genesis wa mwaka 1983, ni wimbo wa Spice Girls wa mwaka 1997, na ni filamu ya kutisha ya mwaka 2013 iliyotengenezwa kwa takriban dola milioni 15 na kuingiza zaidi ya dola milioni 140. "Hallelujah" ni wimbo maarufu wa kwaya wa Handel wa mwaka 1741, ni wimbo wa Leonard Cohen wa mwaka 1984, na ni wimbo wa Diamond Platnumz na kundi la reggae la Morgan Heritage wa mwaka 2017. "Binti" ni kitabu cha Nnedi Okorafor cha mwaka 2015 kilichoshinda tuzo za Hugo na Nebula, ni filamu ya Ubelgiji ya mwaka 2019, na ni filamu ya Kitanzania ya Seko Shamte ya mwaka 2021.

Wasanii wetu wengi huamini jina la wimbo, kitabu au filamu ni mali ya aliyelitangulia, na kwamba anayelirudia ameiba. Sivyo. Jina la kazi karibu kila mahali ni bure. Gharama huja pale kazi mbili zenye jina moja zinapokutana sokoni na mnunuzi, mtambo wa kutafuta au mlipaji wa mirabaha akashindwa kujua ipi ni ipi. Gharama hiyo hailipwi sawa kwa sawa: kwa kawaida humwangukia mdogo.

Kwa nini lazima majina yagongane

Tuanze na hesabu. Kampuni ya Luminate, inayokusanya takwimu za muziki duniani, ilihesabu rekodi milioni 184 kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki mwishoni mwa mwaka 2023. Mwaka huo ziliongezwa kwa wastani rekodi 103,500 kila siku, yaani takriban 72 kila dakika. Ukisikiliza wimbo wa dakika nne hadi mwisho, rekodi nyingine karibu 290 zimeshaingia.

Sasa chukua kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, yenye maneno zaidi ya 500,000 yakiwemo yale ambayo hakuna anayeyatumia tena. Tuseme kila neno limegeuzwa jina la wimbo, na rekodi zote zimegawiwa maneno hayo sawa kwa sawa. Kila neno lingebebwa na rekodi 368. Ni kweli kwamba wimbo mmoja unaweza kuwa na rekodi nyingi: ya studio, ya jukwaani, ya kava. Hata tukiigawanya hesabu hiyo kwa kumi, bado kila neno lingebeba zaidi ya nyimbo 36.

Na watunzi hawagawani maneno sawa kwa sawa. Wote wanarudi kwenye mambo yale yale yanayowagusa watu: mama, nyumbani, machozi, moyo, usiku, asante. Msongamano halisi kwenye maneno hayo ni mkubwa kuliko wastani wowote.

Upande wa vitabu, wahandisi wa Google walikadiria mwaka 2010 kwamba dunia ilikuwa na vitabu tofauti 129,864,880. Kufika kwenye hesabu hiyo kulihitaji kwanza kuamua kipi ni kitabu kimoja na vipi ni viwili, na jina peke yake halikutosha kuamua hilo.

Luminate ilitoa takwimu nyingine inayoumiza zaidi: kati ya zile rekodi milioni 184, milioni 45.6 hazikusikilizwa hata mara moja katika mwaka 2023. Hiyo ni karibu robo. Kwa msanii chipukizi, shida ya kwanza ni kupatikana, kabla hata ya kuibiwa. Jina linalobebwa na maelfu ya kazi nyingine humwongezea shida hiyo.

Kile ambacho sheria ilikataa kukiuza

Mwaka 1892 wimbo "The Man Who Broke the Bank at Monte Carlo" ulivuma kwenye kumbi za burudani za London. Mwaka 1935 kampuni ya Twentieth Century-Fox ikatoa filamu yenye jina hilo hilo. Wachapishaji wa wimbo, Francis, Day & Hunter, wakafungua kesi Kanada wakidai kwamba jina lilikuwa sehemu ya mali yao. Rufaa ilifika hadi Kamati ya Mahakama ya Baraza la Mfalme mjini London, na mwaka 1939 kamati hiyo ikaamua kwamba jina peke yake halikuwa na uzito wa kutosha kulindwa kwa hakimiliki. Filamu ikabaki na jina lake.

Uamuzi huo unatuhusu. Wakati ule kamati hiyo ndiyo iliyokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na fikra za kisheria za hakimiliki tulizorithi zimetoka kwenye chungu hicho.

Marekani inasema jambo hilo waziwazi katika kanuni za Ofisi yake ya Hakimiliki: majina ya kazi na virai vifupi havisajiliwi. Ufaransa imechukua njia nyingine, kwani sheria yake hulilinda jina la kazi kama lina ubunifu wa pekee. Ujerumani nayo inalinda majina ya kazi kupitia sheria ya alama za biashara, na wachapishaji huko hutoa matangazo ya kuhifadhi jina kabla kitabu hakijatoka.

Kwa nini nchi nyingi zimekataa? Jibu liko kwenye miaka. Tanzania na Kenya hulinda kazi ya mtunzi kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtunzi anayetoa wimbo akiwa na miaka 25 na kufariki akiwa na 75 huacha ulinzi wa miaka 100. Jina lingekuwa mali kwa kiwango hicho, mtu mmoja angeweza kulifunga neno "mama" kwa karne nzima, na watoto wa watoto wetu wangelipia ruhusa ya kumwimbia mama. Sheria ilikataa kwa haki kabisa, na tunapaswa kuilinda busara hiyo hata pale inapotuuma.

Dola 25,000 kwa siku

Hata hivyo, sheria ikikaa kimya, wafanyabiashara huandikiana masharti yao. Tangu mwaka 1925 studio za filamu za Marekani zina ofisi yao ya kusajili majina ya filamu. Uanachama ni wa hiari, lakini ukishatia saini unafungwa na kanuni zake, na migogoro husuluhishwa ndani kwa ndani bila kwenda mahakamani.

Mwaka 2013 kampuni ya Weinstein ilikuwa tayari kutoa filamu iitwayo "The Butler", kisa cha mhudumu Mweusi aliyefanya kazi Ikulu ya Marekani chini ya marais kadhaa. Warner Bros. wakapinga. Walikuwa na haki ya jina hilo kwenye daftari la ofisi ile kutokana na filamu fupi isiyo na sauti ya mwaka 1916. Karibu hakuna mtazamaji wa kawaida aliyekuwa anaijua, na isingeweza kamwe kuchanganywa na filamu mpya yenye waigizaji kama Forest Whitaker na Oprah Winfrey. Jina lilikuwa daftarini, na hilo lilitosha.

Mwanzoni mwa Julai, wiki chache tu kabla ya filamu kuingia kumbini tarehe 16 Agosti, msuluhishi aliamua dhidi ya Weinstein. Adhabu ilitajwa kwa dola 25,000 kwa kila siku ambayo jina lingeendelea kutumika, na kampuni ikatozwa faini ya dola 400,000. Gawanya: dola 400,000 ni siku 16 za adhabu ya dola 25,000. Ukiilinganisha na bajeti ya filamu, iliyokuwa karibu dola milioni 30, faini hiyo ni zaidi ya asilimia 1.3 ya fedha zote zilizotumika kuitengeneza.

Suluhu iliyopatikana inafaa kutazamwa kwa karibu. Filamu iliruhusiwa kuitwa "Lee Daniels' The Butler", yaani jina la mwongozaji litangulie, kwa sharti kwamba maneno "Lee Daniels'" yaandikwe kwa ukubwa wa asilimia 75 ya maneno "The Butler". Mabango, trela, tovuti na vibandiko vyote vikabadilishwa kufuata kipimo hicho.

Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 170 duniani, kwa hiyo Weinstein waliumeza mzigo huo. Sasa waza kampuni ndogo ya Dar es Salaam au Nairobi ambayo bajeti yake yote ya filamu iko chini ya dola 25,000. Siku moja ya adhabu ingefuta mradi mzima.

Mdogo anapokutwa na mkubwa

Mwandishi wa Kanada Emily Schultz alitoa riwaya "Joyland" mwaka 2006. Miaka saba baadaye, Juni 2013, Stephen King naye akatoa riwaya "Joyland". King alikuwa ameamua kwamba kitabu chake kitoke kwanza kwenye karatasi tu, bila toleo la kielektroniki. Wasomaji waliozoea kununua kwa simu na kompyuta wakaandika jina hilo kwenye duka la mtandaoni, wakakutana na "Joyland" moja tu ya kielektroniki. Wakainunua.

Kilichofuata kina pande mbili. Upande mmoja, Schultz alipokea mrabaha mkubwa kuliko alivyotarajia kwa kitabu cha zamani, kisha akaorodhesha hadharani jinsi alivyozitumia zile alizoziita fedha za Stephen King. King mwenyewe alimfurahia. Upande wa pili, wasomaji waliokasirika kwa kupata kitabu wasichokitarajia walimwachia maoni mabaya, ingawa kitabu chake hakikuwa na kosa lolote. Fedha huja mara moja na kwisha. Maoni ya nyota moja hubaki kwenye ukurasa miaka na miaka, na kila mnunuzi mpya huyasoma.

Schultz alipata bahati kwa sababu kulikuwa na pengo: mkubwa hakuwa na toleo la kielektroniki. Pengo lisipokuwepo, mkondo hugeuka. Anayetafuta jina hupelekwa kwa kazi inayosikilizwa au kununuliwa zaidi, na kazi ya mdogo husogezwa chini, ukurasa baada ya ukurasa. Msanii wa Mwanza au wa Bukavu anayeita wimbo wake "Hello" anapanga foleni nyuma ya Lionel Richie wa mwaka 1984 na Adele wa mwaka 2015, ambaye wimbo wake ulipakuliwa zaidi ya mara milioni moja Marekani ndani ya wiki ya kwanza tu.

Neno la kila siku likiwa alama ya biashara

Kuna njia moja ya kulifunga jina nayo ni halali: alama ya biashara. Haifungi wimbo, hufunga bidhaa. Hapa Waswahili tuna kisa chetu.

Mwaka 1982, Them Mushrooms wa Mombasa walitoa "Jambo Bwana", wimbo ulioyapeleka maneno "hakuna matata" kwenye kila hoteli ya pwani. Mwaka 1983 Boney M. wakautoa kwa jina "Jambo – Hakuna Matata". Mwaka 1994 Disney ikatoa filamu "The Lion King", yenye wimbo "Hakuna Matata" wa Elton John na Tim Rice, ambao ni wimbo mwingine kabisa. Mwaka huo huo Disney ikaomba kuyasajili maneno hayo Marekani kuwa alama ya biashara ya mavazi. Usajili ulikamilika mwaka 2003.

Mwaka 2018, toleo jipya la filamu hiyo lilipokuwa linakaribia, hasira zililipuka na zaidi ya watu 100,000 wakatia saini ombi la kuitaka Disney iyaachie maneno hayo. Hasira hiyo ilikuwa na msingi wa heshima, na naiunga mkono: maneno ya watu milioni nyingi hayafai kuwekwa kwenye daftari la kampuni moja. Lakini lazima pia tujue usajili ule ulizuia nini hasa. Hakuna mwanamuziki anayezuiwa kuuita wimbo wake "Hakuna Matata", wala mzungumzaji kuyatamka. Anayebanwa ni anayetaka kuuza nchini Marekani fulana zenye alama hiyo.

Tazama bei. Tangu Januari 2025, ada ya msingi ya kuomba alama ya biashara Marekani ni dola 350 kwa kila aina ya bidhaa, na usajili huhuishwa kila baada ya miaka 10. Jina la kitabu kimoja au filamu moja pekee halikubaliwi kuwa alama ya biashara ya kazi hiyo, ila jina la mfululizo hukubaliwa. Dola 350 ni fedha ndogo kwa kampuni ambayo toleo la 2019 la filamu yake liliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Kwa fundi anayechapa fulana Kariakoo au Gikomba, ni mtaji.

Jina la kushirikiana kwa ridhaa

Si kila jina moja ni mgongano. Shafi Adam Shafi alichapisha riwaya "Vuta N'kuvute" mwaka 1999. Baada ya miaka 22, mwaka 2021, Amil Shivji akaonyesha filamu "Vuta N'kuvute" kwenye tamasha la Toronto, na mwaka 2022 ikatwaa Tanit ya Dhahabu kule Carthage, Tunisia. Hapa jina moja ni faida kwa wote: anayependa filamu anaitafuta riwaya, na aliyeisoma riwaya shuleni anaitafuta filamu.

Lakini hata jina la ridhaa lina mtego wake kwenye kompyuta. Andika "Vuta N'kuvute" kwa kibainishi, kisha "Vuta Nkuvute" bila kibainishi, kisha "Vuta Nikuvute". Kwako na kwangu ni jina lile lile. Kwa mtambo unaolinganisha herufi moja baada ya nyingine, hayo ni majina matatu. Ongeza jina la kimataifa la filamu hiyo, "Tug of War", yanakuwa manne. Kazi moja yenye majina manne hupotea kirahisi kama kazi nne zenye jina moja.

Tarakimu zinazoleta fedha

Shule yenye akina Juma Hamisi watatu haimfukuzi yeyote, huwapa namba za usajili. Ulimwengu wa sanaa umefanya vivyo hivyo.

Kitabu kina ISBN, namba ya tarakimu 13 tangu mwaka 2007. Kundi la tarakimu linalofuata 978 huonyesha nchi au lugha: 9966 ni Kenya, 9976 na 9987 ni Tanzania. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi. Ukikosea tarakimu moja tu, hesabu inagoma na kompyuta inagundua. Jina haliwezi kukufanyia hivyo, kwa sababu hakuna hesabu inayoiambia kompyuta kwamba kibainishi kimesahaulika.

Muziki una namba mbili, na hapa ndipo wasanii wengi huchanganya. ISWC ni ya utunzi, yaani maneno na sauti kama zilivyotungwa. Ya kwanza kabisa ilitolewa mwaka 1995 kwa "Dancing Queen" ya ABBA: T-000.000.001-0. ISRC ni ya rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku fulani na waimbaji fulani. Ina herufi na tarakimu 12: mbili za kiambishi cha eneo, tatu za msajiliwa, mbili za mwaka, na tano za rekodi yenyewe. Tarakimu tano maana yake msajiliwa mmoja anaweza kutoa namba 100,000 kwa mwaka.

Chukua "Malaika". Wameurekodi Fadhili William, Miriam Makeba akiwa na Harry Belafonte, Boney M. na Angélique Kidjo. Utunzi ni mmoja, hivyo unastahili ISWC moja. Rekodi ni nyingi, hivyo kila moja inastahili ISRC yake. Mtunzi hulipwa kwa kufuata namba ya kwanza, mwenye rekodi kwa kufuata ya pili. Sasa weka kando yake wimbo mwingine unaoitwa "Malaika" ambao hauhusiani nao kabisa. Mlipaji anayeangalia jina tu atazipeleka fedha kusikostahili. Anayeangalia namba hatakosea.

Dola milioni 424 zilizokosa wenyewe

Ukubwa wa tatizo ulionekana Februari 2021. Chombo kipya cha Marekani cha kukusanya mirabaha ya watunzi, The MLC, kilipokea kutoka kwa kampuni 20 za muziki wa mtandaoni dola milioni 424 za miaka ya nyuma. Zilikuwa fedha za nyimbo zilizosikilizwa ambazo watunzi wake hawakuweza kutambuliwa. Mgongano wa majina ulikuwa sababu mojawapo tu. Kulikuwa pia na majina yaliyoandikwa vibaya, watunzi wasiotajwa na rekodi zisizounganishwa na utunzi wake. Wahenga walishasema: mali bila daftari huisha bila habari.

Tulete hesabu hiyo nyumbani kwa mfano. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba wimbo ukisikilizwa mara moja kwenye jukwaa la kulipia huzalisha kati ya dola 0.003 na 0.005. Ukisikilizwa mara milioni moja ni dola 3,000 hadi 5,000. Asilimia 5 ikipotea kwa mkanganyiko, msanii amekosa dola 150 hadi 250.

Kuna hasara iliyojificha zaidi. Tangu mwaka 2024, Spotify hailipi mrabaha wa rekodi ambayo haijasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Tuseme msanii ameupandisha wimbo ule ule mara mbili kupitia wasambazaji wawili, kila mmoja akampa ISRC yake. Watu wameusikiliza mara 1,800 kwa jumla, mara 900 kila upande. Kwa namba moja angevuka kizingiti. Kwa namba mbili anapata sifuri. Kwa wimbo mmoja hiyo ni hasara ya dola 5.40 hadi 9. Kwa msanii mwenye nyimbo 50 zilizogawanyika hivyo, ni dola 270 hadi 450 kwa mwaka, nazo zinalipa saa nyingi za studio.

Bei ya kuwa mdogo

Namba zenyewe zinauzwaje? Marekani, kiambishi cha ISRC hugharimu dola 95 mara moja tu, na wasambazaji wengi wa muziki huwapa wasanii namba hizo bila malipo ya ziada. Kwenye vitabu hali ni ngumu zaidi. ISBN moja hugharimu dola 125. Ukinunua 10 ni dola 295, sawa na dola 29.50 kila moja. Ukinunua 100 ni dola 575, sawa na dola 5.75. Ukinunua 1,000 ni dola 1,500, sawa na dola 1.50.

Mwandishi mwenye kitabu kimoja hulipa mara 83 ya anacholipa mchapishaji mkubwa kwa tarakimu zile zile 13. Ukivuka mpaka kwenda Kanada, namba hiyo hutolewa bure na serikali. Tofauti ya dola 125 na sifuri haitokani na teknolojia. Ni uamuzi wa kisera kuhusu nani abebe gharama ya utambulisho.

Kabla hujachapa bango

Kwa hiyo msanii, mwandishi au mtayarishaji wa filamu afanye nini?

Kwanza, atafute jina analolitaka kwenye majukwaa makubwa na maduka ya vitabu kabla hajalitangaza. Kazi hiyo haina gharama. Akikuta kazi kubwa yenye jina hilo, haimaanishi aliache, ila ajue foleni anayoingia. Neno moja la ziada, au jina la mahali, laweza kumtoa kwenye maelfu na kumweka peke yake.

Pili, achague tahajia moja na aishike kwenye jalada, bango, mkataba na kila fomu. Wimbo ukiwa na watunzi wawili, wote waandike jina lile lile kwa herufi zile zile.

Tatu, apate namba kabla ya siku ya kutoa kazi na azihifadhi. ISRC moja kwa rekodi moja, popote inapopandishwa. Utunzi usajiliwe kwenye chama cha mirabaha ili upate ISWC. Kwa watunzi wanaosikilizwa Marekani na wanaosimamia haki zao wenyewe, The MLC hupokea wanachama kutoka nchi yoyote bila ada.

Nne, kazi ikitoholewa kutoka riwaya kwenda filamu, mkataba utaje jina, tahajia yake, na jina la kimataifa litakalotumika.

Lakini mzigo huu usiachwe mabegani mwa msanii peke yake. Tuna ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya, na tuna maktaba za taifa. Kila taasisi inayogusa utambulisho wa kazi za sanaa katika ukanda wetu ijipime kwa swali moja: je, kijana mwenye wimbo mmoja au mswada mmoja anaweza kupata namba yake kwa simu, ndani ya siku chache, bila kulipa? Jibu likiwa hapana, basi hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu kila wimbo unaotoka bila namba unaongeza fedha kwenye lile fungu lisilojulikana ni la nani.